Meza ya Wasikilizaji

Wasikilizaji walikuwa kumi na wawili, wote wanawake, na walikaa kwenye meza moja ndefu iliyotandikwa blanketi la kijivu ili vitu visigongane. Kila mmoja alikuwa na namba yake. Kisanduku cha muziki kikishafungwa skrubu, kilifika mbele yao. Msikilizaji alikitia kaseti ya majaribio, akavaa hedifoni, akabonyeza kitufe na kusikiliza kwa sekunde arobaini. Akiridhika, alibandika stika ya namba yake ndani ya kifuniko cha betri, akakisukuma mbele na kuchukua kingine. Ukifungua kifuniko ukakuta tisa, ujue kilipita masikioni mwa mwanamke mmoja mwembamba aliyekaa karibu na nguzo. Kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Tisa.

Sekunde arobaini zenyewe zilikuwa wimbo usio na maneno, uliorekodiwa kwa ajili ya meza ile tu. Kinanda kilipigwa sikio la kushoto, ngoma sikio la kulia, na katikati yao mwanamke aliimba huku akitembea. Ndivyo walivyofundishwa kusema: anatembea. Sauti yake ilianzia kushoto, ikavuka kichwa polepole kama mtu anayevuka chumba bila kuwasha taa, ikaishia kulia kando ya ngoma. Msikilizaji wa wiki ya kwanza aliusimulia wimbo huo kwa kila aliyekutana naye. Msikilizaji wa mwezi wa pili aliuota. Baada ya mwaka haukuwa wimbo tena.

Kwa Tisa, mwimbaji huyo alikuwa ameacha kutembea miezi minane iliyopita. Aliamka siku moja na mafua. Mafua yakaisha, sikio la kushoto likabaki limeziba. Alingoja lizibuke. Alitia mafuta ya uvuguvugu, akalala ubavu, akapiga miayo mpaka taya zikamuuma. Mwezi wa pili aliacha kungoja. Hakujua kama ni mafua au ni miaka mitatu ya zile sekunde arobaini, na hakumuuliza mtu, kwa sababu akiuliza tu angekuwa ameshajieleza.

Akajitafutia njia. Alivaa hedifoni inavyotakiwa, sikio zima likasikia ngoma. Kisha akazigeuza, upande wa kushoto ukaja kulia, akasikia kinanda. Ngoma ipo, kinanda kipo, stika. Wenzake wasishtuke, alijifanya anarekebisha nywele. Muda uliopotea kwa kusikiliza mara mbili aliufidia kwa kunywa chai ya saa nne pale pale mezani. Msimamizi wao, mama mmoja waliyempa jina la Mama Saa kwa jinsi alivyotazama mkono wake kuliko alivyotazama watu, alimsifu kwa hilo mbele ya wote.

Kisanduku chenyewe kilianza kwa kuchekwa. Zamani kiwanda kilitengeneza vinasa sauti vya maofisini, vile ambavyo bosi huongea barua yake na katibu akaja kuipiga chapa. Siku moja Mhandisi, mtu mpole ambaye shati lake lilichomekwa upande mmoja tu, alileta kinasa sauti alichokitoa sehemu ya kunasa, mahali pake akaweka njia mbili za sauti na hedifoni nyepesi kama kitana. Wafanyakazi walikipitisha mkono kwa mkono. Fundi mmoja aliuliza ni nani atakayetoa mshahara wake kununua kinasa sauti kisichonasa. Mwingine akasema huo ni muziki wa mchoyo, unaburudika peke yako jirani anabaki kukutazama kichwa kikitikisika. Mwaka haukuisha, watu wakawa wanapanga foleni madukani kabla milango haijafunguliwa, na wale wale waliocheka wakasema walijua tangu mwanzo.


Mume wa Tisa alikuwa kinyozi. Wateja walimwita Wembe, ingawa siku hizi alinyoa kwa mashine, na wembe ulibaki wa kutengenezea kingo. Kazi aliipenda kwa ajili ya mazungumzo. Mteja alikuja na habari yake kichwani pamoja na nywele. Wembe alivipokea vyote viwili, habari akaipunguza hapa na pale, akaichonga, akampa mteja anayefuata ikiwa imenawiri kuliko ilivyokuja. Kulikuwa na watu waliotembea nusu saa kuja kwake, ingawa kwa kunyoa tu wangeweza kumpata kinyozi bora kuliko yeye.

Kisha wakaanza kuja na nyaya masikioni. Walikaa kitini, wakaonyesha kwa vidole wanataka nywele ziachwe kiasi gani, wakafumba macho. Ule mshipi wa hedifoni ulimkwaza juu ya utosi, akalazimika kugonga bega la mtu kama mgeni anayebisha hodi. Mteja aliushusha mshipi shingoni kwa shingo upande, na mashine ikishapita, akaurudisha. Mmoja alipiga miguu kufuata ngoma yake mwenyewe mpaka karibu akatwe sikio. Wembe aliongea na kioo. Zilikuwepo siku alizofunga duka bila kuambiwa neno zaidi ya bei gani na asante, na jioni alirudi nyumbani na maneno ya siku nzima, mazima, hayajaguswa.

Nyumbani palikuwa na meza ndogo iliyosukumwa ukutani. Wembe alikaa kushoto kwa mkewe, na hapo ndipo alipokaa tangu waoane, binti yao mmoja akakaa mbele yao. Binti alikuwa mwaka wa kwanza chuo cha uuguzi. Hedifoni alikuja nazo mezani; mama yake alikuwa amemnunulia kisanduku chenye mkwaruzo, wafanyakazi waliruhusiwa kimoja kwa mwaka kwa nusu ya bei. Baba yake akimwambia, "Mama, toa hizo tule," aliinua upande mmoja, akasikiliza kidogo, akaurudisha.

Wembe alikuwa na sauti ya chini, sauti ya mtu aliyezoea kuongea karibu na masikio ya watu. Mkewe alishika neno moja kati ya matano. Alijifunza kutazama uso wake, na uso ukitulia alijua sentensi imekwisha, akatia "eeh" au "kumbe" au cheko dogo. Mara nyingi ilitosha.

Jioni moja Wembe alisema, akitazama sahani, kwamba mwenye nyumba anakitaka chumba cha mbele, kile cha kunyolea. Anawapa vijana watakaouza kaseti na visanduku, na yeye ahamie chumba cha nyuma, mwisho wa ukumbi, mkabala na choo. Alilisema kwa kirefu, kwa kuwa lilimuuma. Alieleza alivyomsihi mwenye nyumba na alivyojibiwa. Uso wake ulipotulia, mkewe alitabasamu.

"Afadhali," akasema, akamwongezea mchuzi.

Wembe alimtazama, akingoja acheke ili iwe utani. Hakucheka. Akala. Akilini mwake aliona mambo yote yamejipanga vizuri: mkewe sasa alikuwa mtu wa kile kiwanda kinachoandikwa magazetini, na yeye alikuwa mtu wa kufagia nywele mkabala na choo. Kuanzia siku hiyo alianza kula kimya. Mkewe aliona kwamba ameacha kuongea. Alishukuru, kwa sababu kula bila kubahatisha kulimpumzisha, kisha akajionea aibu kwa kushukuru, wala hakuuliza.


Makasha sita yalirudishwa kiwandani siku ya Jumanne. Aliyeyarudisha ni mwenye duka mmoja mzee aliyewahi kupiga tarumbeta. Alikuwa amevaa hedifoni kumwonyesha mteja, akaweka bendi anayoifahamu, akasikia wapigaji wamekaa kinyume, wa kulia wamehamia kushoto. Ndani ya makasha kulikuwa na visanduku mia moja arobaini na vinne, vyote vyenye kosa moja. Mwanamke mmoja mchomeleaji, mgeni kazini, alibadilisha nyaya mbili, ya kushoto akaichomea kulia, ya kulia akaichomea kushoto. Kosa la namna hiyo hutokea, na ndiyo sababu kuna meza ya wasikilizaji: mwenye masikio mawili angesikia mwimbaji anatembea kinyumenyume, na kisanduku kingeishia kwenye kapu jekundu la vibovu kabla hajafika katikati ya chumba. Vifuniko vya betri vilifunguliwa kimoja kimoja. Tisa, tisa, tisa.

Mwenyewe alielewa mara moja. Kwa kule kugeuzageuza, kuna siku alifika mahali hakumbuki ameanzia upande upi. Alisikia ngoma, akasikia kinanda. Vyote vilikuwepo. Kwamba vimehamiana nyumba, hilo halikumfikia.

Mhandisi alikuja mwenyewe. Alichukua kisanduku kimoja kati ya vilivyorudi, akamvisha Tisa hedifoni kwa mikono yake, kwa uangalifu, kama anamvisha mtoto kofia. Meza nzima iliacha kazi. Akabonyeza kitufe, akangoja.

"Anatembea kwenda wapi?"

Tisa alifumba macho. Kwenye sikio zima alisikia kinanda mahali pa ngoma, na mwimbaji yupo karibu kabisa, kisha anaondoka, anaondoka, mpaka hasikiki tena. Ilikuwa kazi ya akili tu, kama hesabu.

"Anatoka kulia, anakwenda kushoto."

Mhandisi alionekana kuumia zaidi kuliko kama Tisa angekosea. "Kwa hiyo unasikia."

"Nasikia."

"Basi hivi mia moja arobaini na vinne ilikuwaje?"

Wanawake kumi na mmoja walikuwa wanamtazama. Alisema alichoka. Namba Tatu, aliyekaa mwisho wa meza, akasema basi Tisa alikuwa akisikiliza kwa kope, na meza ikacheka, hata waliompenda. Tisa naye alicheka. Mama Saa hakucheka. Alikwenda kwenye ubao uliokuwa na namba za watu wa kuigwa mwezi huo, akafuta ile ya Tisa kwa kiganja, akajipangusa chaki kwenye sketi.

Kisha akatangaza kwamba Jumatatu wasikilizaji wote watapimwa masikio. Kipimo cha kila nusu mwaka kilikuwepo, lakini kilifanyika ukumbini, nesi wa kiwanda akiwa amekaa mbele yako na kijimashine chake, na Tisa mara ya mwisho alifaulu kwa kutazama kidole gumba cha nesi. Sasa kilikuwa kimejengwa chumba kidogo chenye mlango mzito, unakaa ukitazama ukuta. Asiyefikia kipimo hakai mezani. Msikilizaji alilipwa theluthi zaidi ya mtu wa kawaida, na ada ya chuo cha binti ilitoka kwenye theluthi hiyo, haikuwa na mahali pengine pa kutoka.

Wakati wa kutoka alimkuta mchomeleaji mgeni bombani, ananawa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alikuwa amekatwa malipo ya siku mbili. Macho yake yalikuwa mekundu, na alipomwona Tisa alikausha mikono upesi akamwomba radhi. "Dada, nimekuponza," alisema. "Ungekuwa huna kosa lolote kama si mimi." Tisa alimwambia yameisha, asijali. Alitembea njia nzima ya kurudi nyumbani na maneno hayo, na hakupata mahali pa kuyaweka.


Binti alikuwa na lake. Alikuwa amefeli mtihani mmoja chuoni, na sentensi ya kumwambia mama yake aliifanyia mazoezi siku tatu. Jumatano jioni walikuwa jikoni, mama anasugua sufuria, yeye amesimama kushoto kwake na kitambaa cha kukaushia.

"Mama, nimefeli somo la damu," akasema.

Mama aliendelea kusugua, uso umetulia kabisa. Binti alidhani ndiyo hasira yenyewe, ile kubwa isiyo na sauti. Akarudia. Sufuria ikageuzwa upande wa pili. Ndipo akaiona shingo ya mama yake, jinsi ilivyokaa imepinda kidogo kama ya kuku anayetega sikio. Akakumbuka mambo mengi kwa mpigo: kuitwa bila kuitika, redio ya jirani iliyowakera wote isipokuwa mama, na majibu yasiyokuwa na swali. Alizunguka akasimama upande wa kulia.

"Mama."

Mama akageuka hapo hapo. Binti alisahau somo la damu.

"Tangu lini?"

Mama alifungua bomba, akasuuza sufuria, akaiinamisha. Alijibu akiwa bado ameishika. Alieleza yote kwa sentensi chache, na Jumatatu inavyokuja. Binti alipogeuka kumtafuta baba yake, mama alimshika mkono ulio na kitambaa.

"Baba yako usimwambie. Baba yako ni kinyozi. Akijua leo, kesho mpaka wauza magazeti wanajua nimeziba."

Alisema kama mzaha, na wote wawili waliuchukulia kama mzaha. Hakujua kwamba ni miezi sasa mumewe hana wa kumwambia.

Binti alikijua kile kipimo. Chuoni walipimana wenyewe kwa wenyewe. Alimweleza mama yake kwamba milio inakuja mmoja mmoja, minane kwa kila sikio, na kila mpimaji ana mwendo wake. Wanaanza na la kulia. Hapo mama asikilize mwendo wa nesi, ahesabu pumzi kati ya mlio na mlio. Wakihamia kushoto, aendelee na mwendo ule ule, ainue mkono kwa hesabu, na mahali pawili asiinue, ili ionekane kweli. Kwa siku nne walifanya mazoezi. Mama alikaa ameelekea ukuta. Binti alisimama nyuma yake na kijiko alichokifunga kitambaa, akigonga kifuniko cha sufuria polepole upande wa kushoto, na mama akahesabu na kuinua mkono.

Ijumaa Wembe aliingia akamkuta mkewe ametazama ukuta, mkono juu kama mwanafunzi anayejua jibu, na binti nyuma yake na kijiko. Kijiko kikashuka. Mkono ukashuka. Aliuliza ni mchezo gani huo. Binti alisema ni kazi waliyopewa chuoni.

"Basi na mimi mnifanye mgonjwa," Wembe alisema. "Nina magonjwa ya kutosha darasa zima."

Binti alicheka kidogo, akaanza kupanga vyombo. Mkewe alitabasamu kwa kumwangalia binti kwanza, aone kama ni mahali pa kutabasamu. Wembe aliona hilo. Alitoka akakaa kwenye kizingiti cha mlango, akawatazama wapita njia, na kwa wakati ule karibu kila aliyepita alikuwa na waya ukimning'inia shavuni.


Chumba cha kupimia kilinuka gundi mpya. Kiti kilikuwa kimoja, na kuta zilipigwa sponji lenye vinundu. Nesi alimvisha Tisa hedifoni nzito, si zile za kiwandani, akamwambia ainue mkono kila akisikia mlio hata uwe mdogo namna gani, akafunga mlango. Kulikuwa na kijidirisha cha kioo mgongoni mwake.

Sikio la kulia halikuwa na shida. Milio ilikuja, mikubwa ikifuatiwa na midogo, na Tisa aliinua mkono huku akihesabu: pumzi moja, mbili, tatu, mlio. Nesi alikuwa mtu wa mwendo mmoja, kama binti alivyosema. Mlio wa nane ukapita. Kukawa kimya cha kuhama.

Pumzi moja, mbili, tatu. Akainua mkono. Pumzi moja, mbili, tatu. Akainua. Ya tatu akaiacha kwa makusudi. Alishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi, na jinsi kimya cha mle ndani kilivyokuwa kizuri. Hakukuwa na mtu wa kumtazama uso akisubiri sentensi iishe. Ya nne akainua. Ya tano akainua. Ya sita aliiacha, kwa kuwa ndiyo ya pili ya kuacha. Ya saba alikuwa ndiyo kwanza ameinua mkono mlango ukafunguka.

Nesi alisimama pale na kalamu mkononi. Alikuwa msichana, umri wa binti yake na miaka miwili mitatu juu.

"Mama," alisema, akasogea mbele ili aonekane. "Nilikuwa kwenye simu. Sikio la kushoto bado sijaanza."

Tisa alishusha mkono. Alijipangusa paja kana kwamba ameona vumbi. Nesi alivua zile hedifoni kichwani mwake taratibu, akachuchumaa mbele ya kiti. Kisha nesi akatazama mlango, akasema kwa sauti ndogo lakini kwa midomo iliyofunguka vizuri, ili mama asome, kwamba karatasi bado ni tupu. Anaweza kupima tena na mlango wazi. Anaweza kukaa mbele.

Tisa alikitazama kidole gumba cha nesi. Kilikuwa na wino. Alifikiria ada. Alifikiria makasha mengine sita, na yanayofuata, na yule mwanamke wa bombani aliyeomba radhi kwa kosa ambalo nusu yake ilikuwa ya Tisa. Zaidi ya hayo alifikiria jinsi atakavyorudi mezani kesho na kuanza kugeuza hedifoni, na jioni kugeuza uso, kesho kutwa vivyo hivyo, na kwamba amechoka kwelikweli, kama alivyomdanganya Mhandisi.

"Andika ulichokiona," akasema.

Mama Saa aliisoma karatasi akiwa amesimama. Hakumkaripia. Aliuliza tangu lini, na alipojibiwa alitazama saa yake, labda akikumbuka chai aliyoisifu. Alisema Tisa anaijua sheria. Mahali palipo wazi ni kwenye kufunga maboksi, mshahara wa kuanzia, na aanze Alhamisi kama anataka. Kwenye maboksi walikuwa wasichana tu, waliomaliza shule mwaka uliopita, na kiongozi wao alikuwa na miaka ishirini. Tisa alitoa stika zake zilizobaki, karatasi nzima ya tisa tisa, akazikabidhi. Mhandisi alikuwa anapita na faili. Alisimama, akafungua mdomo, akamwambia kitu kwa upole upande wa kushoto. Tisa alimjibu asante. Hakujua aliambiwa nini.


Hakwenda nyumbani. Ilikuwa saa sita mchana, na nyumbani hapakuwa na mtu. Alivuka reli akaelekea dukani kwa mumewe. Kiwanda kilikuwa upande mmoja na duka upande mwingine, na ilikuwa miezi tangu apite huko.

Mlangoni alikuta picha kubwa ya msichana anayecheka na hedifoni, na rafu za kaseti mahali kilipokuwa kioo. Alirudi nyuma akatazama jengo, akaona hakukosea. Kijana wa kaunta aliinua upande mmoja wa hedifoni. Alipoulizwa kinyozi, alionyesha ukumbi kwa kidevu, akaurudisha.

Chumba cha nyuma kilikuwa na dirisha moja la juu. Kioo hakijatundikwa, kimeegemezwa ukutani sakafuni, kikimwonyesha kila anayeingia kuanzia magotini. Wembe alikuwa anafagia. Hapakuwa na nywele nyingi. Alipoona viatu vya mkewe kiooni aliinua macho.

"Umehamia huku lini?" mkewe aliuliza.

"Wiki iliyopita."

"Na hukuniambia."

"Nilikuambia." Alisimamisha ufagio. "Ukasema afadhali."

Mkewe alikaa kwenye kiti cha wateja, kwa sababu kilikuwa kimoja tu. Alisema mbele yake, akiangalia dirisha, kwamba sikio la kushoto halisikii, miezi minane sasa, na leo wamegundua kiwandani. Wembe aliweka ufagio, akanawa, akamshika kichwa kwa mikono miwili kama anavyowashika watu, akakielekeza kwenye mwanga. Alivuta sikio juu kidogo akachungulia ndani muda mrefu.

"Halina kitu," akasema. Alilisemea lile lile sikio bovu, kwa hiyo mkewe hakusikia, alihisi pumzi tu.

Mkewe alimweleza habari ya maboksi na mshahara wa kuanzia. Ada ya muhula huu ilikuwa imelipwa; ya muhula ujao Wembe alisema wataiona huko huko. Alimweleza pia kwamba binti anajua. Hapo ndipo mkono wa Wembe ulipotoka kichwani mwake.

"Mimi nilidhani umenichoka," alisema. Safari hii alikuwa amezunguka mbele, na mkewe aliyaona maneno yakitoka.

"Nilikuwa naogopa unione."

"Miezi minane naongea na ukuta."

Mkewe alitikisa kichwa kukubali. Hakubahatisha neno. Alimshika mkono wa fulana, akamvuta taratibu mpaka akasimama upande wa kulia wa kiti.

"Hapa nakusikia," alisema. "Sasa niambie."

"Nikuambie nini?"

"Yote. Ulivyokuwa unaniambia."

Wembe alijikuna kidevu. Alisema kulikuwa na mteja mmoja, yule wa benki, alikuja na... Akasita. Siku ile ilikuwa kichekesho. Alijaribu ya yule aliyepiga miguu, akaona inaishia mapema, haina kiungo. Alizoea kuja na maneno yakimsukuma mgongoni, na sasa alisimama katikati ya chumba kidogo akiyatafuta moja moja, na ya miezi minane hayakuwepo, alikuwa ameshayasema. Ukutani, upande wa dukani, ngoma ya kaseti ya mtu ilikuwa inagonga.

"Ngoja kidogo," alisema.

"Sina haraka," mkewe alisema. Aligeuza kichwa, akamtegea sikio zima, akangoja.